Muuzaji wa nyumba anapokuzungusha: linda pesa yako kabla na baada ya kutuma

Umeona nyumba Bofa. Vyumba vitatu, mwarobaini uani, upepo wa bahari unafika hadi jikoni. Mmekubaliana bei. Muuzaji amekuambia, "Tuma kitu kidogo nikuwekee, kuna mtu mwingine anaitaka." Umetuma. Wiki ya kwanza alishika simu kila ulipopiga. Wiki ya pili akasema hati iko kwa ndugu yake Mombasa. Wiki ya tatu simu inaita mpaka inakatika, na meseji zako zina tiki mbili za bluu bila jibu.

Hapo ndipo watu wengi huanza kuuliza maswali ambayo yangefaa kuulizwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Makala haya ni ya pande zote mbili: wewe ambaye bado hujatuma, na wewe ambaye umeshatuma na sasa unazungushwa. Sisi kazi yetu ni malipo, na kwenye ununuzi wa nyumba njia ya malipo ndiyo mara nyingi inayoamua kama utapata nyumba, utarudishiwa pesa, au utabaki na hadithi.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho: nyumba ya Sh6,000,000 ndani ya manispaa ya Kilifi, dipositi asilimia 10, yaani laki sita.

Kwanza jua kwa nini anakuzungusha

Si kila muuzaji anayechelewa ni tapeli. Wengine wamekwama na wanaona haya kusema. Ukijua alipokwama, utajua cha kufanya. Hizi ndizo sababu za kawaida:

*Ushuru umemshtua.* Tangu Januari 2023, ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 iliyokuwa awali. Huu hulipwa na muuzaji. Wapo wanaokubali bei, halafu wakipigiwa hesabu na wakili wanaanza kutafuta njia ya kukurushia wewe mzigo au kuongeza bei.

*Anadaiwa na kaunti.* Bila cheti cha kuonyesha kwamba kodi za ardhi za kaunti zimelipwa, uhamisho hausongi. Deni la miaka kumi si jambo la ajabu.

*Benki ina hati.* Alichukua mkopo, nyumba ikawa dhamana. Anangoja pesa yako alipe benki ndipo hati itoke. Hili linaweza kupangwa vizuri na mawakili, lakini lazima lisemwe mapema.

*Mwenzake wa ndoa hajakubali.* Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya mume au mke. Muuzaji anayesema "usimwambie mama watoto" anakuuzia kesi.

*Nyumba ni ya marehemu.* Baba alifariki, hati bado iko kwa jina lake, na kijana mmoja ameamua kuuza. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi au nyumba ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Hata kama kaka wote wanne wamesaini mbele ya mzee wa mtaa, uliza karatasi ya mahakama.

*Kuna mnunuzi mwingine.* Ameahidiwa laki tano zaidi, na sasa anatafuta kisingizio cha kukuacha.

*Si yake.* Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Bofa kuna nyumba ambazo wenyewe wanaishi Nairobi au ng'ambo, na anayekuonyesha ni mtunzaji au dalali tu. Kama mwenye nyumba hayupo, anayesaini kwa niaba yake lazima awe na hati ya kisheria iliyosajiliwa inayompa mamlaka ya kuuza. Simu ya video na mtu anayejiita mwenye nyumba haitoshi.

Basi uliza wazi, kwa heshima: "Mzee, nimeona tumekwama. Ni kodi, ni benki, ni familia, au bei? Niambie tuone." Mtu aliyekwama kweli mara nyingi atapumua na kusema. Anayekula njama atabadilisha mada.

Kabla ya shilingi ya kwanza: mambo manne

1. Fanya sachi rasmi. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi Kilifi ukiwa na nambari ya ploti na nakala ya hati miliki, au mtume wakili wako. Matokeo yataonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna mkopo, kizuizi au amri ya mahakama juu yake. Linganisha jina na kitambulisho cha muuzaji, herufi kwa herufi. Muuzaji anayekataa kukupa nakala ya hati ili ufanye sachi amekujibu tayari.

Ada za huduma za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikuambia "nitumie kwa nambari yangu, nitakulipia huko ofisini", asante yako iwe fupi.

2. Chimba historia ya hati. Hati nzuri mkononi haitoshi tena. Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kwenye kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuo wa Nyali. Kampuni ilikuwa imenunua na ilikuwa na hati. Mahakama ikasema hati pekee haimwokoi mnunuzi kama ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa ploti za karibu na bahari, kama zilivyo nyingi Bofa, mwambie wakili afuatilie ardhi ilitoka wapi hadi kumfikia muuzaji, na kama kuna njia ya umma ya kwenda ufuoni inayopita humo.

3. Uliza kama unanunua nyumba na ardhi, au nyumba peke yake. Huku Pwani tunajua habari ya nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa na Malindi, mtu anaweza kumiliki kuta na paa, huku ardhi ikiwa ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Nyumba kama hiyo huuzwa kihalali, lakini bei yake, hatari yake na karatasi zake ni tofauti kabisa. Na kama muuzaji si raia wa Kenya, kumbuka Kifungu cha 65 cha Katiba: mgeni anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, muda usiozidi miaka 99. Uliza imebaki miaka mingapi.

4. Andikianeni. Sheria ya Mikataba inasema mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na saini zishuhudiwe. Mazungumzo ya WhatsApp, mkono wa heri na kikombe cha kahawa havitoshi. Mkikosana bila mkataba, kwa kawaida utabaki kudai pesa zako, si nyumba.

Na tafadhali, usitumie wakili mmoja na muuzaji ili kuokoa ada. Siku mambo yakiharibika, huyo wakili hawezi kupigania pande mbili.

Mkataba wenye meno

Dawa ya muuzaji msumbufu huandikwa kabla hajawa msumbufu. Hakikisha mkataba wako unasema haya:

- Bei ni ngapi, na haitabadilika.
- Dipositi inashikiliwa na wakili wa muuzaji kama amana, na haitolewi kwa muuzaji mpaka uhamisho ukamilike.
- Tarehe ya kukamilisha. Siku 90 ni kawaida.
- Orodha ya hati ambazo muuzaji atatoa: hati miliki halisi, fomu za uhamisho zilizosainiwa, ridhaa ya mwenzake, nakala za kitambulisho na PIN ya KRA, cheti cha kodi za ardhi.
- Nani analipa nini. Ushuru wa stempu ni wako, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa mfano wetu, nyumba ya milioni sita mjini, tenga Sh240,000.
- Nyumba itakabidhiwa tupu au na wapangaji, na lini.
- Muuzaji akivunja mkataba, anarudisha nini, na ndani ya siku ngapi.

Kama ardhi ni ya kilimo, kuna hatua moja zaidi: kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ombi lapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali, sheria inauhesabu mkataba kuwa batili, ingawa pesa uliyolipa unaweza kuidai kama deni. Muuzaji mjanja anaweza kukuzungusha makusudi mpaka miezi sita ipite. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu yako, na kikumbusho mwezi mmoja kabla.

Jinsi ya kulipa kwa simu bila kujuta

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Simu yako ni daftari zuri, ukiitumia sawasawa.

*Lipa kwenye akaunti, si kwa mtu.* Dipositi iende kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kupitia Paybill ya benki. Usiitume kwa nambari ya muuzaji, ya shemeji yake, wala ya dalali. Pesa ikifika kwenye pochi ya mtu inaweza kutolewa kwa wakala jioni hiyo hiyo.

*Thibitisha akaunti kwa njia ya pili.* Ukipokea nambari ya akaunti kwa barua pepe au meseji, piga simu ofisini kwa wakili, kwa nambari uliyoipata wewe mwenyewe, na usomeane tarakimu. Matapeli hupenda kutuma meseji ya "akaunti imebadilika" siku ya malipo.

*Jua mipaka.* Tangu Agosti 2023, M-Pesa inaruhusu hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku. Kwa hiyo laki sita haiwezi kwenda siku moja: utatuma Sh250,000 mara mbili leo, na Sh100,000 kesho. Mwambie wakili mapema ili asidhani umepunguza. Salio kubwa la milioni tano na zaidi lipeleke benki kwa benki.

*Andika sababu.* Kwenye sehemu ya nambari ya akaunti au maelezo, weka kitu kinachotambulika, kama nambari ya ploti. "Kilifi ploti dipositi" itakusaidia miaka mitatu baadaye kuliko muamala mtupu.

*Dai risiti.* Meseji ya muamala inaonyesha pesa imetoka. Risiti ya wakili inaonyesha imetoka kwa ajili gani. Unahitaji zote mbili.

*Usitegemee kurudisha muamala.* Huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea nambari. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyebadilisha mawazo, wala kwa muuzaji aliyevunja ahadi. Ukituma kwa hiari kwa mtu sahihi, kudai kwako kutapitia mkataba na sheria.

Umeshatuma, na sasa hashiki simu

Usianze na polisi, na usianze na matusi kwenye statusi. Panda ngazi moja moja.

Ngazi ya kwanza: kusanya ushahidi leo. Omba stetimenti ya pochi yako ya miezi yote husika na uihifadhi. Piga skrinshoti za mazungumzo zikionyesha nambari na tarehe. Usifute chochote, na usibadilishe simu bila kuhifadhi. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika mahakamani Kenya, lakini Sheria ya Ushahidi inataka uambatane na cheti kinachoeleza ulitolewaje, kwa kifaa gani, na nani. Wakili wako atakiandaa.

Ngazi ya pili: andika, usipige tu. Simu haiachi alama. Tuma ujumbe mmoja wenye adabu na tarehe. Kwa mfano:

"Shikamoo Mzee. Tarehe 3 nilikulipa Sh600,000 kama dipositi ya nyumba ya Bofa kulingana na mkataba wetu. Hati miliki na ridhaa ya mama bado sijapokea. Naomba nizipate kufikia Ijumaa tarehe 24, au unieleze kwa maandishi kilichokwama. Niko tayari kukamilisha upande wangu."

Sentensi ya mwisho ni muhimu sana. Mahakama ikiombwa imlazimishe muuzaji, itataka kuona kwamba wewe mnunuzi ulikuwa tayari na pesa, na kwamba si wewe uliyechelewesha.

Ngazi ya tatu: wazee na upatanishi. Kama kilichokwama ni familia, kikao na wazee, mzee wa mtaa au chifu kinaweza kufungua mlango ambao barua ya wakili ingeufunga. Katiba yenyewe inahimiza upatanishi. Lakini jua mpaka wake: muhuri wa chifu hauhamishi ardhi. Mkielewana, yaandikeni na wakili ayaingize kwenye mkataba.

Ngazi ya nne: ilani ya kukamilisha. Tarehe ya mkataba ikipita, wakili wako atampa muuzaji ilani rasmi. Mikataba mingi hufuata masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili, ambayo humpa aliyechelewa siku 21. Baada ya hapo una uchaguzi: kuvunja mkataba na kudai pesa yako na fidia, au kudai nyumba yenyewe.

Ngazi ya tano: weka kizuizi. Hii ndiyo hatua ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mtu mwenye haki ya kimkataba juu ya ardhi anaweza kuomba msajili aweke tahadhari kwenye rejista. Ikiwekwa, muuzaji hawezi kumhamishia mnunuzi mwingine bila ridhaa yako au amri ya mahakama. Ukihisi kuna mnunuzi wa laki tano zaidi, usingoje ngazi zilizotangulia ziishe, wahi hapa. Ila usiiweke kwa hasira bila msingi: anayeweka tahadhari bila sababu ya haki anaweza kulipishwa fidia.

Ngazi ya sita: mahakama. Mahakama ya Ardhi na Mazingira iko Malindi. Kesi ambayo thamani yake haizidi Sh20 milioni inaweza pia kusikilizwa na hakimu mkuu mwenye mamlaka hayo. Mahakama inaweza kumwamuru muuzaji akamilishe mauzo, na akikataa kusaini, inaweza kuagiza afisa wake asaini badala yake. Dai la mkataba lina muda wa miaka sita, lakini usikae miaka mitano ukingoja huruma.

Na polisi je? Kama aliuza nyumba ambayo si yake, au aliiuza nyumba moja kwa watu wawili, hiyo ni kupata pesa kwa udanganyifu na ni kosa la jinai. Piga ripoti, chukua nambari ya OB. Lakini kama ni muuzaji wa kweli anayechelewa, polisi hawatakukusanyia deni.

Akitaka kuongeza bei katikati

Hii inatokea sana, basi tuiongelee peke yake. Muuzaji anasema, "Vitu vimepanda, ongeza laki tatu nikusainie." Kama mna mkataba, jibu ni fupi: bei imeandikwa. Usitume "nusu yake kwanza" ili kumtuliza, kwa sababu ukilipa juu ya mkataba mara moja, umemfundisha bei ya saini yake. Kama kweli unaona heri kuongeza, kuliko kesi ya miaka, hilo ni lako kuamua. Lakini liandikwe kama marekebisho ya mkataba, lilipwe kwa wakili, na litolewe siku ya kukabidhiana hati.

Akisaini lakini hatoki

Uhamisho umekamilika, jina ni lako, lakini yeye au mpangaji wake bado yumo ndani. Usikate maji, usitoe paa, usilete vijana usiku. Kumfukuza mtu kuna utaratibu wa sheria, pamoja na ilani ya maandishi, na ukiuruka wewe ndiye utakayeshtakiwa. Kinga nzuri ni kwenye mkataba: sehemu ya salio ibaki kwa wakili mpaka siku utakapopewa funguo za nyumba tupu. Mtu ambaye bado anadai laki tatu huhama kwa haraka ya ajabu.

Wakati wa kuachana

Kuna nyumba ambayo hata ukishinda umeshindwa. Kama sachi imeonyesha jina lingine, kama mirathi haijaenda mahakamani, kama muuzaji hataki wakili wala maandishi, dai pesa yako na uondoke. Bofa ni ndefu na nyumba zitajengwa nyingine. Laki sita ulizokusanya kwa miaka ya chama, mishahara na mazao ya shamba, hizo hazirudi kwa urahisi hivyo.

Leo, kabla hujalala, fanya jambo moja kati ya haya mawili. Kama hujatuma, omba nakala ya hati na ufanye sachi. Kama umeshatuma, fungua programu yako, omba stetimenti, uihifadhi mahali salama, na umpigie wakili kesho asubuhi. Makala haya ni elimu tu, kila ploti ina mambo yake, na yeye ndiye atakayesoma karatasi zako. Na kama kawaida: PIN yako haimhusu muuzaji, dalali, wala mtu anayedai anapiga simu kutoka kwetu.